Tupeane uzoefu: upinde wa mvua uliuona wapi na saa ngapi?

Wakuu, niko Dar. Kila nikiuona upinde ni alasiri, tena upande wa baharini. Saa sita mchana, hata mvua inyeshe na jua linawaka, sipati kitu. Huko mliko mnauonaje? Semeni na jua lilikuwa upande gani.

Mwana Kagera: Bukoba ni kinyume chenu. Mvua zetu nyingi ni za asubuhi. Jua linachomoza ziwani, wingu limeshatupita linaelekea vilimani, upinde unasimama magharibi. Siri ni kulipa jua kisogo. Nyie alasiri jua liko Kimara, mvua iko baharini, basi ni yale yale.

Mwalimu wa Fizikia: Hapo ndugu umegusa penyewe. Mwanga unaingia kwenye tone, unapinda na kuchambuka rangi, unagonga nyuma ya tone na kurudi, kisha unapinda tena ukitoka. Nyekundu inakufikia kwa nyuzi 42 hivi, zambarau 40, ukipima kutoka kilipo kivuli cha kichwa chako. Jua likishapanda zaidi ya nyuzi 42, upinde wote wa angani unazama chini ya upeo wa macho. Kwetu linapanda karibu nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo kuanzia saa tatu na kitu asubuhi hadi saa tisa hivi usihangaike.

Wanafunzi wangu nawatoa bustanini saa mbili na mpira wa maji, nabana mdomo wa mpira kwa kidole maji yarushe manyunyu. Mmoja anasema upinde uko juu ya mwembe, mwenzake anabisha uko kwenye uzio. Wote wako sahihi! Kila jicho linapokea mwanga wa matone yake.

Mama wa Moshi: Mimi niliona miwili kwa pamoja juu ya migomba. Wa nje hafifu, nyekundu iko ndani. Kwa nini, Mwalimu?

Mwalimu wa Fizikia: Huo wa pili mwanga umegonga mara mbili ndani ya tone, dada. Unakaa kwenye nyuzi 51 hivi na rangi zinageuka. Ukiuona tena, angalia anga katikati ya pinde hizo, lina giza kuliko kwingine.

Dereva wa Tunduma: Kuna wa usiku pia, wakuu! Niliuona Maporomoko ya Victoria, upande wa Zambia, mwezi mpevu. Kwa macho ni mweupe kama moshi, ila picha ya simu ilitoa rangi zote. Nendeni Aprili hadi Juni maji yakiwa mengi, na mbebe makoti ya mvua.