Tiketi ya zamani ya I-45 haionekani kwenye rekodi za Harris County, na juzi nimepigwa nyingine. Nianzie wapi?

Mkwawa_wa_Alief

Wakuu habari za humu. Nina mambo mawili yananinyima usingizi, wenye uzoefu na Texas naomba mnisaidie.

La kwanza. Desemba 2018 nilikuwa mgeni kabisa hapa, nimehamia kutoka Ohio hata leseni bado ya Ohio, nikawa naelekea Dallas kwenye send-off ya binti wa rafiki yangu. Huko barabara kuu ya I-45 porini nikapigwa tochi na askari mwenye kofia pana kama ya mchunga ng'ombe, nilikuwa maili 86 kwa saa penye 75. Akaniandikia karatasi nikasaini, basi. Faini nakumbuka nilinunua mani oda kituo cha mafuta nikatuma kwa posta, ila risiti sina, karatasi sina, na kaunti yenyewe siikumbuki maana usiku na mawazo yote yalikuwa kwenye zawadi niliyosahau nyumbani. Sasa najaza N-400 ya uraia na pale wanauliza kama umewahi kukamatwa au kuandikiwa kosa na askari yeyote. Nikaingia tovuti ya mahakama za Harris County, kaunti ya Houston hapa ninapokaa, nikaandika jina langu, hakuna. Nikageuza majina, nikaweka la babu, hakuna. Tovuti nyingine ikaniambia imepata rekodi zangu ila nilipie kwanza ndo nizione, nikafunga.

La pili. Jumanne iliyopita hapa hapa Houston, polisi wa jiji kanisimamisha 49 penye 35, alipofika dirishani akaona na stika ya usajili imekwisha. Makosa mawili kwa mpigo. Kwenye karatasi kuna tarehe ya kufika. Jamaa yangu kazini anasema we lipa tu onlaini yaishe. Nilipe?

Dada_wa_Katy

Mkwawa pole. USILIPE BADO, nitafika huko. Mi si mwanasheria ila nimewasindikiza watu wengi kwenye haya mambo, mpaka walinzi wa getini wananijua.

Tuanze na ya zamani. Kosa lako ni kutafuta kwa jina wakati hujui mahakama. Texas ina kaunti 254 na hakuna sehemu moja ya kuchungulia zote bure, kila mahakama na daftari lake. Harris peke yake ina mahakama za JP (Justice of the Peace, za kesi ndogo) 16, wilaya nane kila moja mbili mbili, na hizo hazina habari na tiketi za jiji la Houston, jiji lina mahakama yake na tovuti yake. Kwahiyo swali la kwanza siku zote ni nani alikuandikia? Polisi wa jiji, kesi iko mahakama ya jiji hilo. Sherifu, konstebo au hao wa jimbo wenye kofia, kesi iko kwa JP wa kaunti ULIPOSIMAMISHWA, hata kama unakaa Alief hapa Houston. Ndo maana Harris hawana chako, hujawahi kuwa na kesi kwao.

Bongo tumezoea deni linafuata gari, unaingiza namba ya gari kwenye simu unaona kila kitu na elfu thelathini zako. Hapa linamfuata dereva na linakaa kule kule ulikokosea.

Sasa kati ya Houston na Dallas kwenye I-45 unapita Montgomery, Walker, Madison, Leon, Freestone, Navarro na Ellis. Kaunti saba. Tupunguze. Ulikuwa umeshalipita lile sanamu jeupe la Sam Houston pale Huntsville? Lina futi 67, huwezi kusema hukuliona. Na Buc-ee's, kile kituo kikubwa cha mafuta na duka pale Madisonville, ulisimama?

Mkwawa_wa_Alief

Sanamu nililipita, lilikuwa linamulikwa na taa nikashtuka nikadhani mzimu 😂 Na Buc-ee's nilisimama, nilinunua kahawa na zile karanga za sukari, na wakati askari ananiwashia taa karanga zilikuwa bado za moto mapajani.

Dada_wa_Katy

Haya basi karanga za moto ni ushahidi. Umepita Walker, na ukitoka Buc-ee's ni muda mfupi unaingia Leon, halafu Freestone. Anza na Madison yenyewe, ikikosa nenda Leon, ikikosa Freestone. Usihangaike na tovuti, kaunti ndogo nyingine tovuti yao ina namba ya simu na picha ya jengo tu. PIGA SIMU. Kaunti inaweza kuwa na JP kadhaa kwahiyo ukiambiwa haipo uliza "na kwa JP mwingine je" usikate.

Ukipiga usianze na jina. Toa tarehe ya kuzaliwa, halafu namba ya leseni ya OHIO, sio ya Texas ya sasa, maana tiketi iliandikwa kwa ile. Jina mwisho na mwambie akutafutie kwa kugeuza. Majina yetu wanayakata wanavyotaka, mdogo wangu anaitwa majina matatu na kwenye tiketi la kwanza ndo limekuwa la ukoo. Kama jina lako lina Ng' au alama yoyote atafute bila hiyo alama, na atafute pia na nafasi katikati.

Akiipata omba nakala yenye mhuri inayoonyesha kesi iliishaje. Akisema faili la zamani limeshaondolewa omba barua yenye mhuri kwamba hawana rekodi, nayo inafaa. Kwa N-400, maelekezo ya fomu yanasema faini ya chini ya dola 500 ambayo hukukamatwa na haikuhusu pombe wala dawa za kulevya huna haja ya kuambatisha karatasi. Lakini KUJIBU unajibu ndiyo, umewahi kuandikiwa. Watu wanachanganya hapo, wanadhani kutokuambatisha ni kutokutaja. Mi ningekuwa nayo kwenye bahasha siku ya intavyuu hata isipoombwa.

Ikatokea mani oda haikufika na kuna waranti, usikimbie. Tangu 2017 sheria ya Texas inamtaka jaji afute waranti ya kutokufika ukijipeleka mwenyewe kwa nia ya kumaliza kesi kabla hujakamatwa. Wanaokamatwa ni wale wanaosubiri wasimamishwe tena usiku na watoto ndani ya gari.

Sasa hii mpya. Kulipa ni sawa na kukiri kosa. Ukibonyeza lipa umehukumiwa, inaingia kwenye rekodi yako na bima wanaisoma. Sahihi uliyoweka barabarani haikuwa kukiri, ilikuwa ahadi ya kufika tu, ila kulipa ni sawa na kukiri. Fanya hivi, kwa stika nenda kapime gari moshi maana ukaguzi wa usalama umefutwa kwa magari madogo tangu Januari 2025 lakini Harris bado wanataka kipimo cha moshi, halafu lipia usajili ofisi ya kodi ya kaunti pamoja na adhabu yao. Ukifanya ndani ya siku 20 za kazi na kupeleka risiti, jaji anaweza kuifuta kwa ada isiyozidi dola 20.

Kwa spidi omba kozi ya udereva wa kujihami, ya saa 6, unafanya hata kwenye simu ukiwa kitandani. Umezidisha 14, mwisho ni chini ya 25 na usiwe umefika 95. Uwe na leseni ya Texas, bima hai, usiwe umeifanya ndani ya miezi 12, na isiwe sehemu ya ujenzi wakati mafundi wapo. Lazima uiombe kabla au siku ya tarehe ya kwenye karatasi, ukichelewa hata siku moja unabaki kumbembeleza jaji. Gharama za mahakama unalipa hata hivyo, halafu una siku 90 kuleta cheti pamoja na rekodi yako ya udereva kutoka DPS, idara ya usalama wa umma ya Texas inayotoa leseni, chukua ile ya 3A, ndo wanayoitaka. Ukikamilisha kesi inafutwa.

Semi_la_Mwanza

Dada kaeleza vizuri sana ila niongeze kwa sisi wa malori maana najua wengi humu mnasukuma semi. Kama una CDL, yaani leseni ya malori, hayo ya kozi SAHAU, hata kama ulikuwa na Corolla ya mke unaenda kununua maziwa. Sheria ya serikali kuu hairuhusu mahakama kuficha kosa la mwenye CDL kwa kozi wala kwa kuahirisha hukumu. Kukiwa na hatia una siku 30 za kumwambia mwajiri, na ukizidisha maili 15 ukiwa kwenye lori hilo ni kosa zito, mawili ndani ya miaka mitatu unakaa nyumbani siku 60, matatu siku 120. Kwahiyo mwenye CDL kabla hajalipa kitu atafute wakili wa tiketi, hela ya wakili ni ndogo kuliko miezi miwili bila mzigo. Jamaa yangu alilipa dola mia mbili na kitu kwenye simu akiwa foleni ya kupakia, anacheka kabisa kwamba kamaliza. Ya pili ilipokuja hakucheka.

Na kama hukubaliani na kosa una haki ya kukana na kusikilizwa, Texas hata tiketi ya spidi unaweza kudai baraza la raia wenzako (jury) liamue. Watu hawajui hilo.

mama_kadutu

Bandugu bonjour. Kiswahili yangu ni ya Bukavu munisamehe. Mi nilipata tiketi ya asiransi (bima), asiransi ilikuwa nayo lakini karatasi ilibakia nyumba. Sikulipa. Nilienda ku koti na karatasi yenye kuonyesha ile siku yenyewe asiransi ilikuwa hai, bakaifuta. Lakini mambo mi nataka kusema ni hii: musipeleke mutoto akutafsirie. Kijana yangu wa miaka 13 nilienda naye, jaji akauliza swali mutoto akaogopa akasema "yes" na mi sikujua amekubali nini. Jaji mwenyewe ndiye alisimamisha. Nikasema Swahili, bakaita mukalimani kwa simu, sauti ya mama wa Tanzania anaongea Kiswahili safi sana mpaka mi nikaona haya, lakini tulisikilizana. Sikulipia kitu. Muombe mapema, ile siku munaomba tarehe.

Mkwawa_wa_Alief

Wakuu narudi na majibu. Nimepiga simu leo kuanzia saa mbili asubuhi. Kaunti ya kwanza hakuna kitu. Ya pili JP wa kwanza hakuna, nikafanya alivyosema dada nikauliza mwingine, akanipa namba. Huyo mama wa pili alikuwa mpole ajabu, nikampa tarehe ya kuzaliwa na leseni ya Ohio ambayo nilikuwa nayo kwenye bahasha ya kodi ya mwaka ule. Kimya kidogo nasikia kibodi tu. Halafu akaniuliza "wewe ni bwana Ng?" Jina langu la ukoo lilikatwa pale kwenye alama, kilichobaki kimekwenda kuwa jina la kati. Miaka yote hiyo huko mi ni bwana Ng.

Imelipwa Januari 2019, kesi imefungwa, hakuna waranti. Nakala yenye mhuri inakuja kwa posta, nimemwomba aandike na jina langu kamili pembeni kasema jina la kwenye kesi haligusi ila atagonga mhuri juu ya tarehe ya kuzaliwa, nadhani inatosha?

Kuhusu hii mpya sijalipa. Kesho naenda kupima moshi.

Dada_wa_Katy

Inatosha, peleka pamoja na kopi ya ile leseni ya Ohio, na kwenye N-400 ile sehemu ya majina mengine uliyowahi kutumia liandike na hilo, usije ukaulizwa bwana Ng ni nani. Na mtu akikutumia meseji kesho keshokutwa eti una tiketi ya DMV (idara ya magari) haijalipwa bonyeza hapa, futa. Tiketi zako ziko mahakamani na leseni iko DPS, hakuna anayekudai kwa meseji.

Siku 20 za kazi umeshaanza kuzihesabu lakini?