Tupeane uzoefu: usafi wa mashine za jikoni na gharama za mafundi

Msimamizi wa Jiko
Wakuu, habari za majukumu. Naomba tukusanye hapa visa vyetu kuhusu usafi wa mashine za mgahawa: friji, fraya (mashine ya kukaangia kwa mafuta mengi), majiko, oveni, mashine za barafu. Sizungumzii kung'arisha milango ili mkaguzi apite. Nazungumzia zile sehemu ambazo hakuna anayezigusa mpaka mashine igome.

Naanza mimi. Nilikuta jiko lenye friji moja ya kuitiwa fundi kila mara, na lalamiko ni lilelile: haipozi. Fundi anakuja, anaongeza gesi, analipwa, baada ya muda tunarudi palepale. Tukaita mwingine. Huyu alizima umeme, akafungua grili ya chini na kumulika tochi kwenye koili za kondensa. Huwezi kuziona! Vumbi limeshikana na mvuke wa mafuta ya jikoni, limezifunika kama blanketi. Akatueleza kwamba joto lote linalotolewa ndani ya friji linatoka nje kupitia hapo. Pakizibwa, kompresa (pampu inayosukuma gesi ya friji) inazunguka bila kupumzika, inachemka, na mwisho inaungua. Akapiga brashi laini kufuata mwelekeo wa mapezi (vibati vyembamba vya koili) yasipinde, akanyonya vumbi, akafuta feni. Friji ileile ikashuka hadi nyuzi 4, na gesi haikuongezwa hata kidogo.

Tangu hapo kazi hiyo iko kwenye ratiba ya kila mwezi, na pembeni limeandikwa jina la mtu. Haya wadau, leteni yenu.

Fundi Baridi
Mkuu umegusa penyewe. Niongeze kuhusu hiyo gesi: mfumo wa friji umefungwa, gesi yake haiishi kama ya kupikia. Ikipungua, kuna mahali inavuja. Fundi anayeongeza kila siku bila kutafuta tundu anakula hela yako.

Kitu kingine ninachokutana nacho sana ni mpira wa mlango. Uchafu na sukari vinaganda kwenye mikunjo, mlango haubani, hewa ya joto inaingia usiku kucha. Futeni kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kisha fungieni karatasi mlangoni na kuivuta. Ikitoka kirahisi, hapo hapabani.

Na kwa heshima zote, acheni kuchokonoa barafu ya friza kwa kisu. Ukitoboa bomba lililo nyuma yake, hapo si usafi tena, mnazungumzia kununua friza. Zimeni, hamisheni vitu, iacheni iyeyuke yenyewe.

Dada wa Fraya
Kwangu ni fraya. Ilikuwa inajizima katikati ya kazi, wakati oda zimejaa. Kila mtu akasema thamostati, yaani kidhibiti joto, imekufa. Tulipomwaga mafuta tukaona vipashio (vyuma vinavyopasha mafuta) vimevaa gamba jeusi la makombo yaliyoungua. Gamba hilo linazuia joto lisiende kwenye mafuta, basi kipashio kinapata moto kupita kiasi na swichi ya usalama inakata. Swichi ilikuwa inafanya kazi yake!

Tuliisafisha kwa kuichemsha: mafuta yote nje, maji ndani pamoja na dawa yake ya unga, moto mdogo, na mtu amesimama pale muda wote. Kisha brashi ndefu, suuza, suuza tena, kausha. Hapo kwenye kukausha ndipo ninapokuwa mkali kwa vijana wangu. Maji yanachemka kwenye nyuzi 100, mafuta ya kukaangia yanafika 180. Tone lililobaki chini likikutana na mafuta ya moto linageuka mvuke ghafla na kurusha mafuta usoni kwa mtu. Tunafuta kwa kitambaa mpaka kwenye bomba la kutolea.

Sasa tunachuja mafuta kila siku. Fraya haijizimi, na mafuta yenyewe yanadumu zaidi.

Kaka Stiwadi
Mimi nasema usafi mbaya nao unaua mashine. Sehemu niliyofanya kazi, zamu ya usiku walikuwa wanamwagia kila kitu kwa mpira wa maji. Oveni ikaingia maji kwenye kadi ya umeme, na kadi ndiyo spea ghali kuliko zote humo ndani. Sakafu mwagieni, mashine futeni kwa kitambaa.

Halafu klorini kali kwenye stenlesi (chuma kisichoshika kutu kirahisi). Ikikaa bila kusuuzwa inakula chuma vidoa vidoa. Stilwaya nayo inaacha chembe zinazoshika kutu.

Mzee wa Majiko
Kwenye gesi, uangalieni moto. Wa bluu ni salama. Ukiwa wa njano na masufuria yanashika masizi, mara nyingi matundu ya bana (kichwa cha jiko kinachotoa moto) yamezibwa na vilivyofurika. Unapoteza gesi, na hewa yenye sumu inaweza kujaa jikoni. Bana ikipoa zibua kwa waya mwembamba, usitumie kijiti cha meno, kinakatikia ndani. Vichujio vya mafuta juu ya jiko msivisahau, vikilowa mafuta ni kuni za moto.

Mgeni Mpya
Naomba kuuliza, haya yote yanafanywa saa ngapi? Vijana wangu wakifunga wamechoka hoi.

Msimamizi wa Jiko
Swali zuri sana, ndugu. Usiwape baada ya kufunga, hapo unapata kufutafuta tu. Sisi tumeiweka ndani ya saa za kazi zinazolipwa, mchana wateja wanapopungua, mashine moja kwa siku. Kabla ya kuanza, plagi inachomolewa. Na anayesafisha ndiye wa kwanza kuona waya uliochubuka au bolti iliyolegea, kwa hiyo tumempa daftari la kuandika.

Dada wa Fraya
Hilo la daftari nalichukua leo. Wenye mashine za barafu mko wapi? Yetu inatoa vipande vyembamba, na ndani naona chokaa ya maji.

Fundi Baridi
Dada, chokaa hiyo ndiyo inayopunguza barafu. Tumia dawa ya kuondoa chokaa iliyotajwa kwenye kitabu cha mashine, kisha dawa ya kuua vijidudu, kila moja kwa wakati wake. Usizichanganye kamwe, asidi ikikutana na klorini inatoa gesi ya sumu. Barafu ya mizunguko ya kwanza itupeni. Na kagueni kichujio cha maji, huenda muda wake umepita.