Mwanafunzi aliyepata jibu kwa kubahatisha: naye anajua?

Mwalimu wa kemia, Jinja
Ndugu zangu, naleta hoja, naomba tuijadili bila matusi. Hapa Uganda mtaala wa umahiri wa sekondari ya chini (S1 hadi S4) ulianza na S1 mwaka 2020, na watahiniwa wa kwanza walifanya UCE, mtihani wa kumaliza S4, chini yake 2024. Asilimia 20 ya alama hutokana na kazi za shuleni, 80 zinabaki kwa mtihani wa UNEB, baraza la mitihani la taifa. Wapo wanaotaka hizo 20 zifutwe, kwamba mtihani wa mwisho watosha kutuonyesha nani anajua. Mimi napinga.

Chukueni sabuni ya maji, mradi ambao shule nyingi zimeukimbilia. Mwanafunzi wa kwanza kapewa vipimo na shangazi yake anayeuza sabuni: maji kiasi hiki, Ungerol (ile kemikali ya povu) kiasi hiki, chumvi kiasi hiki. Anachanganya, sabuni inakuwa nzito, kazi imeisha. Wa pili anatia chumvi kijiko kimoja, anakoroga, anainua mti aone inavyodondoka, anaongeza. Anaendelea mpaka sabuni iliyokuwa imeshika uzito inaanza kurudi majimaji, maana chumvi ikizidi inaharibu ilichokijenga. Anaacha, anaandika kwenye daftari alipofika. Mtihani ukiuliza ni nini huipa sabuni uzito, wote wataandika "chumvi". Wote watapewa vema.

Mwaka 1963 mwanafalsafa Edmund Gettier aliandika makala ya kurasa tatu hivi, akaonyesha kwamba mtu anaweza kuamini jambo la kweli, tena kwa sababu nzuri, na bado akawa ameangukia tu. Mfano wa mwanafalsafa mwingine, Bertrand Russell, ni mwepesi zaidi: saa imesimama, wewe huna habari, ukaitazama dakika ileile ambayo mishale yake inasema kweli. Umepata saa, lakini huwezi kudai ulijua. Mwanafalsafa Ernest Sosa akajibu kwa habari ya mpiga upinde. Fundi kaachia mshale vizuri, upepo ukaupotosha, upepo wa pili ukaurudisha, ukapiga shabaha. Ufundi upo na shabaha imepigwa, ila haikupigwa kwa ufundi ule. Kwake yeye, kujua ni kuupata ukweli kwa uwezo wako mwenyewe. Karatasi ya mwisho inaona shabaha peke yake. Mkono haiuoni.

Mzazi, Mbale
Mwalimu, umesema vizuri, lakini mimi nalipa karo. Mtoto akiandika jibu sahihi, amejibu. Nikimuuliza mtu njia ya kwenda Soroti akanielekeza nikafika, nitarudi kumwuliza aliijuaje? Hizo 20 mnazozipenda, nani anajua mwalimu hakumwandikia mpwa wake?

Mwanafunzi wa falsafa, Kampala
Mzee wa Mbale, hoja yako ina umri wa zaidi ya miaka 2,300. Katika Meno, kitabu cha mazungumzo cha Plato wa Ugiriki ya kale, Sokrates anasema mwenye dhana sahihi kuhusu njia ya kwenda mji wa Larissa atawafikisha wenzake sawasawa na anayeijua. Kisha anaongeza kwamba dhana za kweli hazitulii, hutoroka mpaka zifungwe kwa kujua sababu.

Lakini mwalimu naye asituharakishe. Mwanafalsafa Jennifer Lackey alimtoa jasho Sosa na wenzake 2007. Mfano wake: mgeni kashuka kituoni Chicago, kamuuliza mtu mzima wa kwanza aliyemwona njia ya kwenda jengo fulani, kaelekezwa sawa. Karibu sote tutasema mgeni sasa anajua njia. Ila sifa ni ya nani? Ni ya mwenyeji. Basi kama kujua kunadai uwezo wako mwenyewe, mgeni hajui, na wengi wetu hatujui hata tarehe tulizozaliwa, maana tuliambiwa. Vivyo hivyo yule wa shangazi. Shangazi anauza sabuni kila siku, kumwamini ni akili.

Mnunuzi wa kahawa, Masaka
Nyinyi wasomi mnapenda maneno. Hapa kwetu yupo mzee anayenunua kiboko, yaani kahawa iliyokaushwa na ganda lake. Anachota mkononi, anatikisa sikioni, anamenya punje moja, anaiuma. Jino likiacha alama, anasema rudisha jua. Tukipitisha kwenye mashine ya unyevu, ile tunayotaka isome asilimia 12 au 13, mashine inamuunga mkono. Mwulize anajuaje, atakwambia "nasikia". Hawezi kuwaandikieni hata mstari. Mwalimu, kwa daftari lako mzee huyu angepata ngapi?

Mwanafunzi wa falsafa, Kampala
Kwa Sosa mzee anajua, tena sana: uwezo wake unaaminika na ndio unaompatia jibu. Mwanafalsafa Linda Zagzebski, katika kitabu chake cha 1996, anadai zaidi. Kwake fadhila za akili ni tabia, kama uangalifu na ujasiri wa kukubali ushahidi unaokuumiza. Nadhani mwalimu amechanganya hao wawili. Kuweza ni jambo moja, kujali ukweli ni jingine.

Mwalimu wa kemia, Jinja
Daftari si la insha, bwana wa Masaka. Sitaki mtu ajieleze, nataka nione kama ataligundua kosa likija. Mzee wako akiletewa kahawa iliyolowa anaikataa. Wa shangazi nikimbadilishia Ungerol nikampa iliyochakachuliwa, atatia chumvi ileile na kuniletea ndoo ya maji yenye povu, huku akiapa kwamba vipimo ni sahihi. Kumwamini shangazi si kosa. Mgeni wa Chicago naye akielekezwa ndani ya ziwa atasita. Huyu hasiti.

Mzazi, Mbale
Na Ungerol hiyo ya kuharibu na kujaribu tena, nani anainunua? Shule ya mjini mtoto anakosea mara nne, analetewa nyingine. Wangu wana ndoo moja darasa zima, akikosea zamu imepita. Unasema unapima tabia yake, kumbe unapima mfuko wangu. Karatasi ya UNEB angalau ni ileile Moroto na Kampala.

Mwalimu wa kemia, Jinja
Hapo umenishika, mzee. Swali lakini linaweza kuulizwa kwa kitu chochote kilichopo karibu na shule, si lazima sabuni.

Mnunuzi wa kahawa, Masaka
Basi mleteni huku likizo. Kiboko kipo, meno anayo.