Arifa za mfumo wa saa za kazi zinaamsha walinzi saa tisa usiku: nizipangeje?

HR_Malindo

Habari za jioni wakuu. Niko HR kwenye kampuni ya ulinzi hapa Dar. Malindo yetu yametawanyika: Kurasini, Chang'ombe, Mikocheni, mengine ng'ambo Kigamboni. Zamani kila lindo lilikuwa na daftari lake la mahudhurio. Mwisho wa mwezi supavaiza analeta rundo, tunakesha tukiingiza saa za watu mstari kwa mstari. Sasa tuna mfumo uliowekwa kwenye seva ya kukodi. Mlinzi anaingia na kutoka kwa simu ya lindo, supavaiza anaidhinisha saa za watu wake kila wiki, mimi nafunga tarehe 20, mhasibu anaendelea na mishahara.

Shida yangu ni arifa. Fundi aliyetufungia aliziwasha zote, mkataba wake ukaisha akaondoka. Mlinzi akiingia, SMS inakwenda kwenye kitochi chake, ile simu ndogo ya batani. Akitoka, SMS. Supavaiza naye anapata imeili kwa kila mlinzi wake anayeingia, anayetoka, anayechelewa na anayebadilishiwa zamu. Supavaiza wa Mikocheni alinionyesha simu yake: skrini imejaa arifa za mfumo kuanzia juu mpaka chini, na ile moja ya maana, kwamba saa za wiki hazijaidhinishwa, imezama humo katikati.

Halafu kuna mambo siyaelewi. Kikumbusho cha Ijumaa cha kuidhinisha nimekiweka 17:00, kinafika saa mbili usiku. Walinzi wa usiku wanapata SMS "Hujaweka saa ya kutoka" saa tisa kamili usiku, wakati zamu yao inaisha saa kumi na mbili asubuhi. Na bili ya SMS ya lindo la Chang'ombe inakuja mara mbili ya malindo mengine yenye idadi ileile ya watu.

Hili linaniuma kwa sababu mwezi uliopita saa za lindo zima hazikuidhinishwa kabla ya kufunga, watu wakalipwa pungufu. Unamwambia mtu mwenye kodi ya chumba na ada ya mtoto asubiri mwezi ujao kwa saa alizokwisha kuzisimamia kwa miguu yake. Naomba mwenye uzoefu anieleze: nani apate arifa gani, saa ngapi, na hizo ajabu tatu zinatokana na nini?

---

FundiSeva

Pole dada. Hiyo saa tisa kamili usiku inaeleza sehemu kubwa. Seva nyingi za kukodi huja zikiwa kwenye saa za UTC, yaani saa ya kimataifa, na sisi tuko saa tatu mbele. UTC ikifika 00:00, Dar ni saa tisa usiku. Mfumo wako unaamini siku imeisha hapo, unakagua nani hajatoka, unawakuta walinzi wote wa usiku bado wako kazini, unawatumia SMS. Ya Ijumaa ni hivyohivyo: 17:00 ya UTC ni 20:00 ya kwetu, saa mbili usiku.

Anza na mipangilio ya mfumo wenyewe. Tafuta ukanda wa saa, weka Africa/Dar_es_Salaam. Usikimbilie kubadilisha saa ya seva katikati ya mwezi. Kumbukumbu zikihifadhiwa kwa UTC hakuna ubaya, mradi mfumo ujue kuzigeuza wakati wa kuonyesha na wakati wa kutuma. Kama ratiba ya kutuma inaendeshwa na cron ya Linux (programu ya seva inayoanzisha kazi kwa saa ulizopanga), andika amri timedatectl uone seva inasoma ukanda gani. Ikiwa ni UTC, Ijumaa saa kumi na moja jioni inaandikwa 0 14 * * 5, yaani dakika 0, saa 14, siku ya 5 ya wiki. Huku kwetu hatusogezi saa mbele na nyuma kama Ulaya, kwa hiyo ukishatoa tatu umemaliza mwaka mzima.

Ila usiishie hapo. Ukirekebisha ukanda tu, ile SMS ya usiku itahama kutoka saa tisa kwenda saa sita, na mlinzi bado yuko lindoni. Arifa ya kusahau kutoka isifuate tarehe, ifuate zamu. Aliyeingia saa kumi na mbili jioni kwa zamu yenye urefu wa saa 12, mfumo unyamaze mpaka asubuhi. Ikifika kama saa kumi na mbili na nusu hajaweka kutoka, ndipo aguswe, tena mara moja tu. Mwambie atakayerekebisha aweke alama kwenye rekodi kwamba arifa hii imeshatumwa, la sivyo kila mfumo ukijaribu upya baada ya mtandao kukatika mtu atapokea ileile tena na tena.

Chang'ombe sasa. Fungua maandishi ya ujumbe wenu uangalie ile alama ya juu kwenye jina la lindo. Nina hakika mtu aliuandika kwenye Word akaunakili, na Word hugeuza alama iliyonyooka kuwa iliyopinda. Iliyonyooka imo kwenye alfabeti ya kawaida ya SMS, ambayo inabeba herufi 160 kwa ujumbe mmoja. Iliyopinda haimo. Herufi moja tu ya nje ikiingia, ujumbe wote unahamia mfumo mwingine ambao ukomo wake ni herufi 70. Ujumbe wa herufi 120 uliokuwa SMS moja unakuwa mbili. Futa alama, iandike upya kwenye mfumo wenyewe, utaona bili. Na emoji ni vilevile, zitoe.

Kuhusu nani apate nini, mimi nina msimamo mkali: arifa aipate yule anayeweza kufanya kitu, na aipate pale tu kitu hicho hakijafanyika. Mlinzi anajua ameingia, alikuwepo. Zima SMS ya kuingia na kutoka. Supavaiza asipate imeili kwa kila mtu. Apate moja saa mbili asubuhi yenye majina ya walio na kasoro tu: fulani hakutoka, fulani ameonekana malindo mawili kwa wakati mmoja. Siku isiyo na kasoro, asipate chochote. Mtu akizoea kwamba ujumbe wa mfumo ukija kuna kazi, ataufungua.

Moja ambayo wengi hawaiweki na ndiyo ningeanza nayo: arifa ya ovataimu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka mtu asizidi saa 12 kwa siku, na ovataimu isipite saa 50 ndani ya wiki nne. Weka arifa mtu akifika 40, iende kwa anayepanga zamu. Usimpelekee mlinzi, hana mamlaka ya kujipangia. Ikija baada ya 50 haina faida, saa zimeshafanyika.

---

HR_Malindo

Mkuu, ubarikiwe. Nimefungua maandishi sasa hivi, alama ya Chang'ombe kweli imepinda kama mkia. Na ukanda wa saa kwenye mfumo umeandikwa UTC. Hilo la arifa kufuata zamu badala ya tarehe nitampelekea fundi mpya aliandike kwenye kazi yake.

Bado la supavaiza asiyeidhinisha. Kikumbusho kikimfika kwa wakati na bado akanyamaza, nifanye nini?

---

MhasibuNakuru

Niingilie hapo kwa upande wa hesabu. Sisi tuna maduka ya vifaa vya ujenzi, matawi machache, na hatuna mfumo wa kununua. Tunatumia Google Sheets na skripti, yaani maagizo tuliyoyaandika yajiendeshe yenyewe. Shida ya meneja wa tawi kutoidhinisha tuliimaliza kwa kumpandisha ngazi: Ijumaa anakumbushwa yeye peke yake, Jumatatu asubuhi akiwa hajaidhinisha ujumbe unamwendea yeye pamoja na mkubwa wake, na siku mbili kabla ya kufunga mishahara unanijia mimi ukiwa na orodha ya majina ya watu ambao saa zao zinaning'inia. Majina, si idadi. Nikiona jina la mtu napiga simu, nikiona "rekodi 14" naendelea na chai yangu.

Jambo muhimu, mtu ajue mapema kwamba ujumbe utapanda. Tulikaa na mameneja tukawaeleza ratiba kabla ya kuiwasha. Ukimpeleka mtu kwa bosi wake kimyakimya kupitia kompyuta, unavunja uhusiano.

Kwa wenzangu wa Google Sheets: faili lina ukanda wake wa saa na skripti ina wake, angalieni yote mawili. Ukipanga itume kila siku kati ya saa mbili na saa tatu asubuhi, itatuma dakika yoyote ndani ya saa hiyo, msingoje saa mbili kamili. Na akaunti ya Gmail ya bure ina ukomo wa wapokeaji 100 kwa siku kupitia skripti. Ukiupita, wa mwisho kwenye orodha hawapati, na wao ndio hawatajua.

---

Mlinzi_wa_Zamu

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mlinzi, si wa kampuni ya dada, lakini haya yananihusu.

Ile SMS ya saa tisa usiku siyo kero ya usingizi tu. Lindo langu ni yadi isiyo na taa upande wa nyuma. Usiku nakaa gizani makusudi, nimuone anayekuja kabla hajaniona. Simu ikiwaka mfukoni au ikilia, nimejionyesha nilipo. Kwa hiyo dada, hata zikibaki arifa chache, naomba usiku wote pasiwepo ya mfumo kwa mlinzi aliye zamu.

Pili, wote mmeongelea kutukumbusha sisi na mabosi. Arifa ninayoitaka mimi haijatajwa. Nataka kujua saa nilizoidhinishiwa kabla mshahara haujafungwa. Niliwahi kupokea mshahara ambao zamu zangu tatu za usiku hazimo. Nikaenda ofisini na tarehe zangu kwenye karatasi, nikaambiwa mfumo umeshafunga. Tarehe 15 ningekuwa nimepata ujumbe, ningesema tarehe 15.

Na mtuandikie saa za usiku peke yake. Kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi sheria inataka tuongezewe angalau asilimia 5 ya mshahara kwa kila saa, na wengi wetu hatuwezi kujua kama imo kwa sababu tunaletewa jumla moja tu. Ila kiasi cha pesa msikiandike. Kitochi changu nyumbani kinashikwa na kila mtu.

Mwisho, ujumbe ukija kwa jina la kampuni badala ya namba, ukijibu haufiki. Nimejaribu. Wekeni namba ya kupiga.

---

FundiSeva

Kaka Mlinzi amenena. Na la mwisho ni kweli: jina la mtumaji lenye herufi halipokei majibu. Kulipokea kunahitaji namba fupi ya kukodi kwa watoa huduma, gharama nyingine hiyo. Namba ya ofisi ndani ya ujumbe inatosha.

Dada, naongeza sikukuu. Kazi ya siku ya sikukuu inalipwa mara mbili, na kalenda ya mfumo haiwezi kujua Idi, inategemea kuandama kwa mwezi. Panga mtu mmoja mwenye jukumu la kuiingiza usiku uleule inapotangazwa, na zamu ya usiku inayovuka kuingia sikukuu igawanywe saa sita usiku. Hapo ndipo ukanda wa saa ukiwa na kosa unakula pesa za watu: saa tatu za kwanza za sikukuu zinahesabiwa jana.

---

HR_Malindo

Asante kaka Mlinzi, marahaba, na pole kwa zamu zako tatu. Nimeliweka lako la kwanza kwenye orodha ya fundi: hakuna SMS kwa mlinzi aliye zamu usiku. Jumatatu nakaa na masupavaiza niwaeleze ratiba ya kupanda ngazi, kama alivyoshauri mama wa Nakuru.

Ujumbe wa tarehe 15 nimeuandika hivi, alama nimeinyoosha:

"Lindo Chang'ombe. Saa zako tarehe 1-15: kawaida 81, ovataimu 27, kati ya hizo za usiku 70. Zikiwa na kosa piga ofisini kabla ya tarehe 18."

Namba ya ofisi itafuata mwishoni. Kaka, uusome kama wewe ndiye umeupokea, uniambie kama kuna kitu hakieleweki.

---

Mlinzi_wa_Zamu

Unaeleweka dada. Ila siku hizo kabla ya tarehe 18 muwe na mtu wa kupokea simu asubuhi saa moja, tukiwa tumetoka zamu.