Kaniita Balki mbele ya mama mkwe. MBELE YA MAMA MKWE!

Wakuu, salamu baadaye, leo nina povu.

Mnamjua. Jina sitaji, ila aliyewahi kula pilau Chicago hii anamjua: akicheka, kengele ya moshi inalia.

Naingia kwenye akika na kapu langu la sambusa, jamaa kasimama katikati ya sebule: "Balki huyo, meli imetia nanga! Tuchezee ile ngoma ya furaha!" Watu hoi. Mama mkwe akauliza, Balki ndiye nani? Jamaa hana haya, kamtafutia kwenye simu! Perfect Strangers, komedi ya ABC ya 1986, mchunga kondoo wa kisiwa cha Mypos anabisha hodi kwa binamu Larry, hapahapa Chicago.

Mama mkwe kaitazama simu. Kanitazama mimi. Karudi kwenye simu. "Wallahi wamefanana."

Kwanza Mypos haipo duniani, imetungwa! Mimi wa Ngamiani, Tanga, kondoo namjua akiwa juu ya sinia. Na huyo anayejifanya Larry, Larry mwenyewe katoka Madison, Wisconsin, ndiyo kwanza kapanga chumba mjini! Mgeni anampokea mgeni! Kama yeye tu, juzi alikuwa anaogopa ngazi za umeme.

Lakini mama mkwe, jamani. Alirudi kwenye simu KUHAKIKISHA.

MchuziMzito: Hakuna uzi bila picha. Weka sura tuamue.

Shemeji_Mtu: Nilikuwepo. Mama haapi ovyo. Na ngoma ulicheza.

Mtoa mada: Nilijikwaa kwenye zulia!

Shemeji_Mtu: Ulijikwaa huku unapiga makofi?

MzeeAntena: Komedi gani hiyo? Mind Your Language, London, 1977. Darasa zima la wageni, siyo mchungaji mmoja. Watoto wa siku hizi mmelelewa na nini?

Kipusa: Mzee, mle kila mtu kafanywa kikaragosi cha nchi yake. Bronson Pinchot kamcheza Balki misimu minane, hadi 1993, na bado unampenda. Halafu Harriette, mwendesha lifti wa gazeti walilofanyia kazi Balki na Larry, ndiye aliyehamia komedi ya Family Matters 1989. Bila Balki, Urkel wa humo mngemwonea wapi?

MzeeAntena: Urkel ndiye aliyeniharibia wanangu. Suruali mpaka kifuani!

Mtoa mada: Tunaweza kurudi kwa mama mkwe?

BiSufuria: Samahani kutoka nje ya mada. Nani kabeba sufuria yangu pale kwenye akika? Ile ya mfuniko wa kioo, ukoko ulikuwa bado umo.

MchuziMzito: Ukoko nilikula mimi. Sufuria sijui.

Kobazi: Afadhali wewe sufuria. Mimi nimetoka nje nimekuta viatu vyangu vya kahawia havipo, nimeachiwa kandambili, zote za mguu wa kushoto.

Kipusa: Za bluu? Moja ni ya mume wangu. Uko mtaa gani tuje?