Wametuulia magogo ya majini, sasa wanatuuzia vyuma na rolakosta

Wakuu, hivi nani aliwaambia hawa wenye viwanja vya burudani huku Uingereza kwamba gogo la majini lilikuwa na kasoro?

Kwa wasiolijua: unakaa kwenye boti ya faibaglasi yenye umbo la gogo, inaelea kwenye mfereji mwembamba. Pampu zinasukuma maji, maji yanakusukuma wewe. Mkanda unakupandisha juu, kona unazikata kwa kugonga kingo, du, du, halafu unaachiwa mteremko na unalowa. Basi! Kampuni ya Arrow ndiyo iliyojenga la kwanza la aina hii, kwenye kiwanja cha Six Flags Over Texas kule Marekani, mwaka 1963, kwa kuiga mifereji ambayo wakata mbao wa Marekani waliitumia kuteremshia magogo kutoka milimani. Mnakaa mmepakatana, mtoto mbele, baba nyuma yake, shangazi mtu anapiga ukunga mgongoni kwako.

Sasa oneni walichofanya. Blackpool walikuwa na lao tangu 1967, wakalifunga 2006. Alton Towers walikuwa na la 1981, refu kwelikweli. Mwaka 2004 likadhaminiwa na kampuni ya sabuni, magogo yakageuzwa mabafu ya kuogea, na mabata makubwa ya mpira yakawekwa njiani. Mabafu, jamani! 2015 wakalifuta kabisa, na pale leo kuna Wicker Man, rolakosta, yaani treni ya burudani inayopanda na kushuka kwa kasi. Loggers Leap, gogo la kiwanja cha Thorpe Park, nayo ilibeba watu mara ya mwisho 2015, ikakaa pale miaka bila kazi, na sehemu yake sasa iko Hyperia ya 2024, rolakosta ya kwenda juu mita 72. Mwenye mtoto mdogo na mama mkwe mwenye mgongo mbovu apande nini hapo?

Na yaliyobaki yamefungwa vyuma. Juzi nimekwenda na familia kwenye kiwanja kimoja (sikitaji). Kijana wa zamu akashusha chuma cha mapajani, kimoja kwa watu wawili. Kikagota kwenye tumbo langu, na tumbo langu si dogo. Mwanangu pembeni akabaki na uwazi wa kupitisha begi la shule kati yake na hicho chuma. Namwuliza kijana, ananijibu ni utaratibu. Utaratibu wa kumlinda nani? Kitambi changu?

Najua kuna mtu atakuja na "usalama kwanza". Sawa, wapo wapuuzi wanaosimama kwenye mteremko ili wapigwe picha. Basi weka kiti cha kila mtu na chuma chake, au ongeza wasimamizi. Msichomeke chuma kwenye boti iliyobuniwa watu wakumbatiane halafu mkasema mmeboresha.

Msinielewe vibaya, sipingi kila badiliko. Disney walipoiondoa Splash Mountain, gogo lao la majini, kule Florida na California mwaka 2023, mimi nilipiga makofi. Hadithi yake ilitoka kwenye filamu ya 1946 iliyoyapaka rangi nzuri maisha ya Weusi mashambani, huku sungura mjanja wa filamu hiyo akiwa ndugu wa damu wa Sungura wetu wa hadithi za bibi. 2024 wakafungua ya Tiana, yule binti mfalme Mweusi wa katuni zao, lakini mfereji na ule mteremko mkubwa wakauacha. Hapo sina neno. Wajerumani nao, kwenye kiwanja cha Phantasialand, walivunja mawili ya zamani wakajenga jipya, Chiapas, 2014, yenye mteremko wa nyuzi 53 na sehemu ya kwenda kinyumenyume. Ni mpya, ina mbwembwe, na bado ni gogo. Hata kiwanja cha Knott's kule California lao la 1969 walilikarabati 2013 wakabadilisha masanamu, safari ikabaki ileile. Kwa hiyo inawezekana! Hawa wa kwetu wanaona kuchoma umeme wa pampu ni hasara, wakati rolakosta mpya inapata tangazo la televisheni.

Wale wenye kiwanja nilichokwenda juzi nimewaandikia barua pepe ndefu, na picha ya kile chuma nimeambatanisha. Wamenijibu kwa kunishukuru kwa maoni yangu na kunitumia vocha ya kuingia nusu bei. Mwisho wa kuitumia ni Februari. Kiwanja chenyewe kinafungwa Novemba mpaka Machi.