Tupeane uzoefu: kufunga spika kwenye pikipiki, bajaji na guta za umeme

Kimya Kimya (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Naomba tukutane hapa wenye vyombo vya umeme tuliofunga muziki, au tunaofikiria kufunga. Nimeona kijiweni kwetu Tandika kila anayehama kutoka pikipiki ya mafuta kuja ya umeme, ndani ya muda mfupi anatafuta spika. Naelewa kwa nini. Injini haipo, ekzosi haipo, unasikia tairi na upepo tu. Ule ukimya unakuita uweke kitu.

Ila watu wanabeba mazoea ya pikipiki ya mafuta na kuyaleta huku. Kule kuna betri ndogo ya volti 12 na injini inaichaji ukiwa unatembea. Huku kila kitu, taa, honi, indiketa, kinakula kwenye betri kubwa ileile inayokupeleka Posta na kukurudisha, na kinapitia kwenye konveta inayoshusha volti. Kwa hiyo kabla hujauliza spika ya wati ngapi, jiulize umeme wake utatoka wapi.

Yangu ni volti 72, ampea-saa 40, yaani kama wati-saa 2,880. Barabara za mjini nakula kati ya wati-saa 30 na 35 kwa kilometa, kutegemea abiria na vilima. Nimefunga spika ndogo ya Bluetooth yenye betri yake yenyewe, imekaa juu ya usukani ikinitazama kifuani. Haigusi waya wowote wa pikipiki. Usiku naichaji nyumbani pamoja na simu.

Tuambiane: umeme mnautoa wapi, spika mmeiweka wapi, kilometa zimepungua kiasi gani, abiria na majirani wanasemaje.

Bajaji ya Mbagala

Mkuu, asante kwa uzi huu, nilikuwa nausubiri.

Mimi bajaji yangu niliinunua mkononi mwa mtu ikiwa na muziki tayari. Redio ya gari, spika mbili nyuma ya kiti cha abiria, sabufa chini. Ni ya betri za maji na asidi, tano zimeunganishwa mfululizo, volti 60. Muziki ulikuwa mzuri, abiria wa jioni wanaufurahia, lakini umbali ulikuwa unapungua kila wiki. Aliyeniuzia anasema betri bado mpya. Na kweli zilikuwa mpya, tarehe zilionekana.

Nikampelekea fundi mwingine, akafungua kiti, akapima betri moja moja baada ya chaji kujaa na gari kupumzika. Nne zinasoma volti 12.7 na kitu. Moja haifiki 12. Akafuata waya wa redio kwa mkono, ukamfikisha kwenye betri ileile. Aliyefunga muziki alitafuta volti 12, akaziona pale kwenye betri ya kwanza, akachomeka.

Ubaya wake alinieleza hivi, na naomba kila mwenye bajaji ausome taratibu. Chaja haioni betri moja moja, inaona jumla ya zote tano. Ile inayolisha redio inashuka zaidi ya wenzake, chaja ikifika jumla yake inakata, na yenyewe inabaki na njaa huku zile nne zinachajiwa kupita kiasi. Kila siku tofauti inaongezeka. Betri moja ikichoka, bajaji nzima imechoka, maana umeme wote unapita humo.

Sasa redio inakula kupitia konveta inayochukua umeme kwenye zote tano kwa pamoja, na ile betri mbovu nilibadilisha. Muziki ni uleule. Wengi wanaambiwa "bajaji za umeme betri zake hazidumu" wakati kuna waya umechomekwa pasipostahili. Fungueni viti mtazame.

Fundi wa Manzese

Nimefurahi kuona jambo hilo limesemwa na mwenye chombo mwenyewe. Kazi hii naifanya kila siku, naongeza machache.

Konveta iliyokuja na pikipiki mara nyingi ni ya ampea 10 kwa volti 12, wati 120 hivi. Hapo kuna taa kubwa, taa ya breki, indiketa, na honi ambayo peke yake inaweza kuvuta ampea 3 au 4. Ukiongeza amplifaya hapohapo, usiku utaona taa inafifia kila besi ikigonga. Huo ni usalama wako barabarani unaupunguza. Muziki uwe na konveta yake.

Unaponunua hiyo konveta usisome "72V" ukaridhika. Betri ya lithiamu ya volti 72 yenye seli 20 mfululizo ikijaa inafika 84. Nimeletewa konveta zilizoungua asubuhi, mtu ametoka tu kuchaji, kumbe mwisho wake ni volti 75. Chukua inayovumilia 90 kwenda juu.

Fyuzi. Hizi bapa za gari tulizozizoea zimeandikwa volti 32. Kwenye volti 84 za betri, fyuzi ikikatika cheche inaweza kuendelea kuruka katikati na waya ukaendelea kuwaka. Tafuta fyuzi iliyoandikwa volti 100 au zaidi za DC, uiweke karibu kabisa na betri. Ukiiweka mwisho wa waya, karibu na spika, ule urefu wote kabla yake hauna mlinzi.

Kuhusu wati: redio imeandikwa 45 mara nne. Kwa umeme wa volti 14 na spika za omu 4, kila upande unatoa kama wati 18 hadi 20 zilizo safi, zaidi ya hapo ni kukwaruza. Na sikio halihesabu kama mfuko unavyohesabu. Ukiongeza wati mara mbili unapata desibeli 3 tu, tofauti ndogo. Ili sikio liseme muziki umekuwa mkubwa mara mbili, unahitaji wati kama mara kumi. Mteja akija na wati 20 anataka 40, namwambia pesa hiyo aiweke kwenye spika bora au aisogeze ile aliyo nayo.

Wanaosumbuliwa na mlio mwembamba unaopanda ukivuta mafuta (tunaendelea kusema "kuvuta mafuta", hakuna shida): unatoka kwenye kontrola ya mota. Waya za sauti zikae mbali na zile tatu nene za njano, kijani na bluu zinazokwenda kwenye mota. Na konveta ya muziki iwe ile ambayo upande wa kuingia umeme na wa kutoka havishiriki waya mmoja wa hasi. Hapo kelele nyingi inaisha.

Kayole Rider

Salamu kutoka Nairobi. Kwetu hali ni tofauti kidogo kwa sababu wengi tunatumia betri za kubadilisha steshoni. Betri si yangu. Naingia, natoa iliyoisha, naweka iliyojaa, naenda. Mkataba unakataza kufungua waya wa betri, na mfumo wao unaona umeme unavyotumika. Jamaa wa steji yetu alipachika amplifaya, ikaonekana, akazuiwa kubadilisha betri mpaka aitoe. Siku nzima bila kazi.

Kwa hivyo mimi niko na spika yenye chaji yake. Nilienda Luthuli Avenue nikachukua ya ukubwa wa chupa ya maji, ile ya IP67, haiingii vumbi wala maji. Mwanzoni niliona wenzangu wakifunga zile kubwa za mkono mbele ya usukani. Ukiendesha moja ya hizo utajua mara moja: usukani unakuwa mzito, na ukikata kona polepole kwenye foleni ya Outer Ring unavutwa upande. Uzito ukikaa mbele juu, pikipiki inabadilika tabia.

Kuhusu abiria, wengi wanadhani wateja wanapenda muziki kwa sababu wanaupenda ndani ya matatu. Kwenye boda abiria anataka kupiga simu. Anataka kusema "nashuka pale" nami nimsikie. Mimi napunguza kabla hajapanda, akitaka niongeze atasema. Hao ndio wananipigia kesho yake.

Kimya Kimya

Asante ndugu yangu wa Kayole. Hiyo ya betri za kukodi hata huku inaanza kutuhusu.

Fundi, ulivyosema "aisogeze" umenikumbusha hesabu. Kila umbali ukiongezeka mara mbili, sauti ya spika ndogo inashuka kama desibeli 6 ukiwa nje. Spika iliyo nusu mita kutoka usoni kwangu, mtu aliye mita nne anaipata ikiwa chini kwa desibeli 18. Mimi nasikia vizuri, yule wa barabarani anasikia kwa mbali. Ukiifunga nyuma ya kiti ikitazama barabarani unafanya kinyume chake: mtaa mzima unasikia, wewe mwenye helmeti unaongeza.

Na umbali wa safari: spika inayokula wati 20 kwa wastani, saa sita, ni wati-saa 120. Kwangu ni kilometa tatu na nusu mpaka nne. Si nyingi, lakini kwa anayerudi nyumbani na asilimia 5 ni kusukuma.

Mama Guta

Jamani na mimi niseme, maana nyinyi wote mnasema muziki. Mimi spika ni kazi.

Nauza vyombo vya plastiki mtaa kwa mtaa, guta la umeme. Mwanzo nilikuwa naita kwa mdomo, jioni sauti imekwisha. Kijana akanifungia ile spika ya tarumbeta, yenye mdomo mpana, na kikadi cha flashi nilichorekodi bei. Inakula umeme kidogo sana na inasikika kupita spika yoyote ya muziki. Besi haina, lakini maneno yanatoka wazi: beseni, ndoo, jagi.

Kwa hiyo sikubali mtu aseme spika zote ni kelele. Mama aliye jikoni nyuma ya nyumba anasikia, anatoka na hela yake. Bila spika nimeshapita.

Lakini mwenyekiti wa mtaa alinisimamisha. Kuna zahanati pale, na madrasa karibu yake, na watu walilalamika. Tulikaa tukaongea kwa heshima. Sasa nikifika kona ile nazima, nikivuka nawasha. Asubuhi siwashi kabla ya saa mbili. Na nimegeuza tarumbeta ikatazama mbele na chini kidogo, zamani ilikuwa inatazama madirishani. Kuna kanuni za kelele za mwaka 2015 chini ya sheria ya mazingira, alinionyesha, na NEMC, wale wa baraza la taifa la mazingira, wanaweza kuja. Sikutaka tufike huko na wateja wangu wenyewe.

Kijana pia aliniambia nisikae mbele ya mdomo wa spika. Mabega yalikuwa yanauma na masikio yanalia usiku. Tangu ihamie mbele ya guta, imepungua sana.

Mdogo wa Asiyeona

Sikufunga spika yoyote, naomba mnisikilize hata hivyo.

Kaka yangu haoni. Anatembea na fimbo nyeupe kutoka nyumbani hadi kituoni, na barabara anaijua kwa masikio. Pikipiki ya mafuta anaisikia tangu ikiwa mbali, anajua imepunguza mwendo, anajua imekata kona. Ya umeme inampita kwenye kiwiko ndipo anashtuka. Ulaya walishaliona kwa magari: tangu Julai 2021 gari lolote jipya la umeme lazima litoe sauti yake likiwa mwendo mdogo, mpaka kilometa 20 kwa saa. Pikipiki hazimo kwenye kanuni hiyo.

Nilimuuliza kaka kuhusu redio za boda. Alisema redio ndogo inayosikika hatua chache inamsaidia sana, anageuka, anajua kuna chombo na kinakwenda upande gani. Muziki mkubwa ndio unamtisha zaidi ya kimya. Unajaza barabara yote, hajui unatoka wapi, na unafunika vyombo vingine. Anasimama tu mpaka upite.

Mkiwa mnachagua sauti, mkumbukeni mtu kama yeye.

Kimya Kimya

Ndugu yangu, umenigusa. Mfikishie kaka salamu. Kesho nitakuwa naiacha ikiwa chini hata nikiwa sina abiria, na vichochoroni siizimi.

Mbongo Minnesota

Huku naendesha skuta ya kusimama kwenye njia za baiskeli. Wengi wanafunga spika kwenye usukani au begani, na wanaotembea kwa miguu wanakasirika kweli. Mimi nimehamia vile vipokea sauti vinavyokaa kwenye mfupa mbele ya sikio. Tundu la sikio liko wazi, kengele ya baiskeli nyuma nasikia, muziki ni wangu. Upepo ukizidi unapoteza besi yote, hilo mlijue kabla ya kununua.

Bajaji ya Mbagala

Swali kwa Fundi: spika yenye betri ndani, naweza kuiacha imefungwa kwenye bajaji mchana kutwa ikichajiwa na USB ya dashibodi? Kwenye jua la Januari?

Fundi wa Manzese

Kucheza icheze, kuchaji usichajie juani. Betri za lithiamu kwa kawaida hazitakiwi kuchajiwa zikiwa juu ya nyuzi 45, na dashibodi nyeusi iliyoegeshwa juani Mbagala inapita hapo kirahisi. Chaji usiku au ukiwa kivulini. Ukiigusa ukaona inachoma mkono, iache ipoe kwanza. Ikianza kuvimba au mfuniko kuachia, itoe kwenye bajaji siku hiyohiyo, usingoje ije kwangu jumatatu.

Na ile mikanda ya plastiki ya kufungia, jua linaikausha inakatika ghafla barabarani. Tumia kibano cha chuma, weka mpira wa tyubu kuukuu chini yake, itavumilia matuta.